Karatasi ya Maziwa ya Edinah Nekoye

Watumishi wa Mungu, jamaa wa Bungoma, wakwe zetu kutoka kule Kwanza, na nyote mlioacha shamba leo, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia, kama alivyoisimulia Nakhumicha, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ameomba isipakwe sukari.

Edinah Nekoye alizaliwa tarehe 12 Juni 1962 karibu na Bungoma, binti wa pili wa mzee Makokha, na siku hiyo Nakhumicha, mwenye miaka sita, akaacha kuitwa mtoto akaitwa yaya. Mwaka 1969 marehemu aliingia shule ya msingi, 1977 akaenda sekondari Webuye, kwa maana mzee alisema huyu mdogo ana kichwa, na wewe Nakhumicha, mkono wako ng'ombe wameuzoea, basi mmoja akashika kalamu na mwingine akashika chuchu.

Februari 1984 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa Kitale, tarehe 17 Desemba 1988 akaolewa na Kagwe, mfanyabiashara wa mahindi wa kule Kwanza, wakajaliwa Mary Ann na Kim, na kila Krismasi alipofika nyumbani majirani walimwambia Nakhumicha, ati mdogo wako ni daktari wa maziwa, nawe je, naye akacheka kwa meno, akarudi kwa ng'ombe.

Mwaka 2017, juala, ile mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku, marehemu alianza kutengeneza karatasi ya kuliwa: aligandisha maziwa kwa ndimu, akayeyusha ule mgando, akatia tone la mafuta ya karafuu ya kufukuza ukungu, akamwaga kwenye sinia, na ikikauka unafungia nyama, unapika, unakula vyote. Lakini ilikuwa ikivunjika kama ganda la mahindi makavu. Agosti 2019 akaja jikoni kwa dada yake akasema, dada, wewe na maziwa mmezeeka pamoja, si unisaidie, na Nakhumicha, ambaye miaka mingi aliwakaushia wanawe utandu wa maziwa juani, alijua kwamba bila asali utandu huvunjika, na kwa asali kidogo hukunjika kama leso, akajibu, mimi sikusoma bana, uliza wenye makoti meupe. Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya kilimo Kitale, karatasi ikavunjika mkononi mwa jaji mbele ya umati, Nakhumicha akaziba kicheko kwa leso, na kwa wiki nzima chakula hakikumshuka.

Septemba 2024 marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa Kitale, na tarehe 8 Februari 2025, kando ya kitanda, Nakhumicha akamwambia, ongeza asali. Marehemu akamtazama sana, akauliza, tangu lini unajua, akajibiwa, tangu kabla hujaniuliza, akauliza tena, na ulininyima kwa nini, akajibiwa, kwa sababu kila kitu kilikuwa chako. Hapo marehemu alicheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha akasema, nenda upike basi, mwizi wewe.

Nakhumicha na Mary Ann wakapika, na tarehe 20 Februari wakampelekea karatasi moja, akaikunja mara nne, ikakubali, akamega kwa meno kipande kidogo, akakitafuna polepole, akasema, aah, dada, sasa mimi ndiye mwenye wivu. Alilala kesho yake alfajiri, tarehe 21.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, majirani wa Kwanza mliochota maji na kupika, na wenzake wa kiwandani mliokesha nasi.

Nakhumicha ameomba neno hili lisomwe mwisho: Nekoye, nimehesabu mahema matano na watu hawajaisha kuingia, na najua siku ya kuzikwa kwangu mahema hayatafika hapo, na hata leo inaniuma kidogo. Lala salama, mdogo wangu, kwa amani ya Mungu.