Beseni la Kuoshea Miguu

"Kikao Maalumu cha Familia Kuhusu Matumizi Yasiyoidhinishwa ya Beseni la Kuoshea Miguu, Mali ya Kanisa." Hicho ndicho kichwa alichokuja nacho kaka yenu mkubwa hapa kitandani kwangu, kimepigwa chapa na kupigiwa mstari, na chini kabisa, baada ya "mengineyo", ndipo palipopangwa kufa kwangu. Haya, sogeeni wanangu, mnisikilize kwa mfululizo, maana pumzi iliyobaki haitoshi kungoja watu wanyooshe mikono kuomba nafasi.

Wewe Mwenyekiti, keti. Nakuita hivyo kwa kuwa tangu utotoni hujawahi kuingia chumbani ukaacha kukiongoza. Umeeleza shauri lako vizuri: mdogo wako hamwamini Mungu, kwa hiyo hana maadili, na kwa kuwa hana maadili, nikimwachia nyumba hii atamtoa shangazi yenu nje kabla udongo wa kaburi langu haujakauka, kwani hana wa kumwogopa. Ushahidi wako ni beseni. Kanisa lilikukabidhi beseni la ibada ya kuoshana miguu, ukaliweka juu ya kabati kana kwamba lina cheo, na yeye akalishusha akamwoshea shangazi kinyesi. Umelia machozi juu ya beseni hilo. Kwa shangazi sikuona hata unyevu.

Mnajua kazi yangu. Nilikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuwashikisha mashahidi Biblia na kuwasomesha kiapo. Waliapa wezi wa baiskeli, waliapa makandarasi wa madaraja yaliyobomoka, aliapa hata mkuu mmoja wa idara aliyeulizwa saini yake akajibu kwamba inafanana na yake lakini haina mwenendo wake. Walioapa kwa Mungu walidanganya kwa sauti kubwa, na wachache waliosema hawana dini, tukawasomesha maneno yasiyomtaja, walidanganya kwa ufasaha zaidi. Usitabasamu, kitindamimba, zamu yako inakuja.

Sasa, Mwenyekiti, nikuulize. Kama kinachokuzuia kumtupa shangazi yako ni hofu ya moto wa jehanamu tu, basi wewe si mwema, wewe uko chini ya ulinzi. Mahabusu naye haibi, kwa sababu mlango umefungwa, na sijawahi kusikia hakimu akimsifu kwa hilo. Jana ukaniambia, "Baba, jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, basi." Nikakuuliza, je, angeamuru shangazi yako atupwe jalalani? Ukafikiri! Mzee wa kanisa, mwenye ufunguo wa sanduku la sadaka, akakaa kwenye kiti changu akilifikiria jalala! Mungu unayemhubiri ni mkuu wa ofisi mwenye mhuri, anayeweza kuamka kesho akatoa waraka wa kufuta ule wa jana. Huyo simjui. Ninayemwendea mimi hakuokota wema mahali, wala hakuutunga asubuhi moja kwa kukosa shughuli. Wema ndivyo Yeye alivyo, na amri zake ni Yeye akijieleza. Ndiyo maana hawezi kuamuru jalala, nawe ulipaswa kujibu kabla sijamaliza kuuliza.

Haya, na wewe kitindamimba, mwanamke msomi. "Baba, wema ni wema tu, hauhitaji mwenyewe." Nimeyasikia hayo kwa mawakili vijana wenye viatu vipya. Nilikuuliza mbele ya hawa, kwa nini ulimwosha? Ukasema, "Alikuwa anaona aibu." Nikasema, kikongwe asiyekumbuka jina lake, ambaye baada ya chai atakuwa ameshasahau hiyo aibu, hasara iko wapi? Ukanikaripia, mimi baba yako, ninayekufa: "Aibu yake ina uzito, baba, ina uzito tu!" Ina uzito tu. Mwanangu, una akili za kuwagawia hawa wote, lakini umeegemeza dunia nzima kwenye neno hilo dogo halafu unasema hapo chini hapana kitu. Nani aliupa uzito? Serikali? Serikali haijui hata kama shangazi yenu yu hai. Ilimwandikia ajitokeze mwenyewe kuthibitisha kwamba hawezi kutembea. Katika hiyo "tu" yako ndimo nilimosali maisha yangu yote. Wewe unaishi humo ndani bila kumsalimu mwenye nyumba, na kaka yako amesimama nje ya geti akimwimbia.

Kule mahakamani niliona jambo moja. Mwongo yeyote akibanwa alisema alilazimishwa, alisema alikuwa mgonjwa, alisema ni shetani. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Kwani uongo una ubaya gani?" Waliijua sheria kabla hakimu hajaingia. Hakimu aliikuta sheria chumbani, na yeye mwenyewe aliketi chini yake. Mwenyekiti anadhani kumjua Mtunga Sheria kunamtosha, mwenzake anadhani kutii kunamfuta Mtunga Sheria. Mmenichosha wote wawili.

Maji. Si ya kunywa, nilowesheni midomo.

Nyumba hii ni ya dada yangu mpaka afe. Alinibeba mgongoni, nami sitamwacha abebwe kwa ajenda. Baada yake ni ya kitindamimba. Namkabidhi yeye kwa sababu mikono yake inamjua Mungu. Kichwa kitafuata, na kisipofuata, hilo ni kati yake na Yeye, si la kamati. Wewe Mwenyekiti nakurithisha beseni. Kanisa nimeshalinunulia jingine. Usilisugue kwa dawa. Kesho asubuhi shangazi yako ataoshwa na wewe, humo humo, na mdogo wako akuonyeshe jinsi ya kushika mgongo, maana hujui. Ukimaliza, kama bado nipo, uniambie ulifikiria nini.

Shikaneni mikono. Si hivyo, si kama watu wanaopigwa picha. Aliye wema wenyewe awalinde... awafundishe kucheka... amrehemu dada yangu, na asimsahau kama alivyojisahau.

Wewe wa kati, uliyefanywa Katibu kwa kuwa una kalamu. Futa kile kichwa cha kikao. Chote. Andika polepole... ninavyosema. Shangazi alijichafua, akaona aibu. Mdogo wetu alikuwa karibu. Akamwosha.