Kigingi Kwenye Kona ya Kibanda

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu liliwekwa kwa ajili ya wateja, lakini mteja aliyepata pa kukalia alikuwa amedamka kweli. Kuanzia saa nne asubuhi lilikuwa na wenyewe. Upande wa kulia alikaa mwalimu mstaafu aliyeitwa Kamusi, kwa sababu neno halikuwahi kupita mbele yake salama. Upande wa kushoto alikaa Breki, dereva wa pikipiki ambaye alisikika akija muda mrefu kabla ya kuonekana, chombo chake kikilia kama mlango wa stoo. Shangazi, muuza kahawa wa nyumba ya jirani, hakukaa. Alisimama na birika lake, akimimina kahawa na kuchomeka maneno. Mwenye kibanda mwenyewe aliitwa Soli, kwa kuwa kila kiatu alichoshika alikiona kina matatizo ya soli. Kwa kawaida aliketi kwenye kigoda chake mlangoni akiwasikiliza kwa sikio moja, lakini Jumatano hiyo aliwategea yote mawili. Alipofika kazini alikuta kigingi kimechomekwa kwenye kona ya kibanda chake, urefu wa goti, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Na kwenye nguzo ya umeme palibandikwa karatasi: “Mradi wa Ushoroba wa Kijani wa Mto. Njia za miguu, baiskeli na burudani ya mtoni. Wananchi mnakaribishwa kutoa maoni. Mwisho Ijumaa.”

— Ushoroba ndo nini? Breki aliuliza. Kama ni ugonjwa niambieni mapema. Mimi watu wananikumbatia kiunoni kutwa nzima.

— Ushoroba, alisema Kamusi huku akifuta miwani, ni njia ndefu nyembamba inayounganisha mahali na mahali. Hata wanyama wana ushoroba wao, wa kutokea msitu huu kwenda msitu ule.

— Wanyama gani wanakuja? Shangazi aliuliza.

— Hakuna aliyesema wanyama wanakuja.

— Umesema wewe, sasa hivi, kahawa yangu ikiwa bado mdomoni mwako.

Kamusi akameza.

— Nimetoa mfano, Shangazi. Mfano hauji. Mfano unatolewa tu.

Breki alikuwa ameshaiacha habari ya wanyama. Alikuwa anaikodolea macho ile karatasi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

— Imeandikwa baiskeli, alisema. Mmeona? Miguu na baiskeli. Pikipiki hatumo. Hapa kila mtu atagawiwa baiskeli yake, kuanzia mtoto wa chekechea mpaka bibi kizee, na mimi nitabaki kuwabebea pampu.

— Wewe umeishia kwenye baiskeli kwa sababu hujui kusoma mstari hadi mwisho, Kamusi alisema. Burudani ya mtoni ni mashua. Watauziba mto kule chini, maji yajae, halafu hapa tulipokaa pawe gati. Fundi atakuwa anashona viatu vya mabaharia.

— Mabaharia wa mto unaovukwa bila kukunja suruali?

— Ndiyo maana utazibwa.

Shangazi akaweka birika chini. Akishaweka birika chini, watu wa benchi walijua kwamba hoja yake ina uzito.

— Nyie wote hamjawahi kuona dunia. Watapiga uzio. Ndani ya uzio watapanda majani, watakata yawe sawasawa, na mlangoni watamweka mtu na tiketi. Utanunua tiketi ukavute hewa. Ukivuta nyingi unaongezwa tiketi.

— Kumbe afadhali hiyo, Breki alisema. Mimi nimesikia mto wenyewe unahamishwa.

— Unahamishwaje?

— Kwa makaratasi. Kitu chochote kikishapigwa muhuri kinahama. Wenzetu wa ng'ambo ya pili wana watu wao ofisini, wataupata mto, sisi tutaachiwa mchanga.

— Si kuhamishwa, ni kunyooshwa, Kamusi akasahihisha. Umepinda mno, hautoshi kwenye ramani.

Wakacheka wote isipokuwa Soli. Alikuwa ameshika kisu cha ngozi lakini hakuwa anakata kitu. Miaka kumi na saba alikuwa amekaa kwenye kigoda kile. Mabati ya paa aliyapigilia mwenyewe, na mashine ya kushonea ilikuwa nzito kiasi kwamba siku ilipoingizwa walilazimika kwanza kutoa mlango.

— Na mimi nahamia wapi? aliuliza.

Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini kicheko kilikatika. Shangazi alimmiminia kahawa bila kuombwa.

— Kulikuwa na mkutano mwezi uliopita, Kamusi alisema hatimaye. Wa kutoa maoni.

— Nani alikwenda?

Breki alikuwa na abiria. Shangazi alikuwa ameinjika maji. Kamusi alikohoa.

— Tangazo lilikuwa na makosa matatu ya tahajia, alisema. Nikajua ni la matapeli.

Soli naye hakwenda. Siku hiyo alikuwa hapahapa kibandani, na ukumbi wenyewe ulikuwa mwisho wa barabara. Aliona watu wachache wakipita kwenda, akasema moyoni kwamba hao wanaopenda mikutano watamsimulia. Hakuna aliyemsimulia.

Ndipo alipotokea mwanamke kijana, kofia pana kichwani na mkoba mrefu mgongoni, akichechemea. Soli alikitazama kiatu kabla ya kumtazama mwenye kiatu. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachama kuanzia vidoleni hadi katikati.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia.

Breki akasogea. Mgeni akakaa, akavua kiatu, akampa Soli. Soli akamsukumia kandambili yake mwenyewe avae wakati anangoja. Kisha akakigeuza kiatu juani. Kilikuwa na matope ya kijivu, siyo mekundu ya barabarani. Kwenye matundu ya kamba zilinasa mbegu za nyasi za majimaji. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja, kama cha mtu anayetembea siku nyingi kwenye mteremko.

— Binti, Soli alisema, wewe ndiye mwenye vigingi.

Mgeni hakukataa.

— Ndimi, baba. Mimi ni afisa mipango. Umejuaje?

— Kiatu kimenieleza.

Kamusi akaanza kusoma tangazo la sabuni lililokuwa ukutani ng'ambo ya barabara. Breki akajipangusa magoti.

— Tulikuwa tunausifia mradi, alisema. Hapa hapa, sasa hivi. Hasa wanyama.

Mwanamke alitabasamu, akatoa ramani mkobani na kuikunjua juu ya mapaja yake. Mto ulichorwa kwa buluu, na kandokando yake njia ya kijani ilitoka milimani, ikapita vijiji na mashamba, ikaingia mjini. Ilipofika mtaani kwao ilikatika. Kisha hatua mia mbili mbele ikaanza tena.

— Nimefanya kazi wiki tatu, alisema. Kwa juu nimefika, kwa chini nimefika. Kipande hiki chenu kimenishinda. Kila kichochoro ninachoingia kinaishia ukutani. Kigingi cha hapo nimekichomeka kwa kukisia tu, nikafikiri labda nyuma ya kibanda pana upenyo. Watu wa baiskeli na wanaotembea wakifika hapa itabidi waingie barabarani, wazunguke kwenye malori. Sasa nina swali moja. Nyie wenyeji, mtoni mnapitia wapi?

Swali lilikuwa jepesi mno, hata Breki alijibu kabla halijatua.

— Hapo kwenye kinu cha nafaka. Unaingia kushoto.

— Kinu kilijenga ukuta, Kamusi alisema. Njia ni nyuma ya shule. Kuna ngazi.

— Ngazi walizibomoa walipojenga vyoo vipya, Breki akajibu. Wewe si ulikuwa mwalimu palepale?

Kamusi akavua miwani, akaanza kuifuta upya.

— Kwa seremala, Soli alisema. Unapita uani kwake, unatokea kwenye jiwe kubwa.

— Kwa seremala kuna geti siku hizi, na mbwa, Breki alisema.

— Tangu lini?

Hakuna aliyejua tangu lini. Soli alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposhuka. Alikuwa anamfundisha binti yake kuogelea, amemshika tumboni, mtoto akipiga maji kwa miguu na kumrowesha uso mzima. Binti huyo sasa alikuwa na mtoto wa kumfundisha yeye. Miaka yote hiyo mto ulikuwa hatua mia moja nyuma ya mgongo wake, naye aliusikia wakati wa mvua tu.

Akapaka gundi. Alipoinua macho aligundua kwamba kuna mtu ambaye hajasema lolote. Shangazi, aliyekuwa na neno juu ya kila kitu, alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

Soli akatazama miguu ya Shangazi. Ndala zile alizijua. Alikuwa amezishona kamba mara nne. Na kila mara zilipoletwa, kwenye mshono wa kisigino alikuta matope ya kijivu. Aliyaondoa kwa bisibisi bila kuyawazia. Mengine kama hayo yalikuwa sasa mkononi mwake, kwenye kiatu cha afisa.

Angeweza kusema. Neno moja tu na kigingi kingeng'olewa kwake kikachomekwa kwa jirani. Aliliona neno lile limekaa tayari kwenye ulimi. Akakibana kiatu katikati ya magoti, akakandamiza soli kwa mikono miwili, akanyamaza.

Shangazi alikuwa amemwona alivyomtazama. Akaning'iniza kitambaa begani.

— Kwangu kuna mlango, alisema. Nyuma.

Wote wakamgeukia.

— Siku zote hizi? Breki aliuliza.

— Ningewaambia nyie, leo uani kwangu pangekuwa na benchi.

Wakamfuata. Walipita sebuleni kwa mstari, Kamusi akiinama kwenye kizingiti, mgeni akiwa na kiatu kimoja na kandambili moja. Uani palikuwa na matuta manne ya mboga yaliyonyooka kama mistari ya daftari, kamba ya nguo, na mwishoni mlango wa mabati usiozidi urefu wa kifua. Shangazi aliuinua kidogo ndipo ukafunguka. Chini yake palishuka ngazi za mawe, tisa.

Mto ulikuwepo. Haukuwa mpana, ila ulikuwa msafi kuliko walivyotarajia, ukipita taratibu kwenye kivuli, na ng'ambo ya pili ndege mweupe alisimama kwa mguu mmoja.

— Kumbe upo, Breki alisema kwa sauti ya chini, kama aliyeingia chumba cha mgonjwa.

— Haya maji, Kamusi akaanza, ndiyo ya kahawa?

— Kahawa ni maji ya bomba. Hapa naoshea birika na kumwagilia mboga. Na wakati mwingine nakaa tu, sifanyi kitu.

Soli alishuka hadi ngazi ya mwisho, akatia mkono majini. Gundi iliyokuwa imekauka vidoleni ikamenyuka, ikaenda zake.

Afisa alikuwa anapima kwa macho.

— Pangefaa, alisema. Njia ingeshuka hapa moja kwa moja, na kibanda cha baba kisingeguswa. Lakini mama, nisikufiche. Uwanja huu ni mwembamba. Mlango utaondoka, na matuta yataondoka. Fidia ipo, lakini matuta yataondoka.

— Yote manne?

— Njia ina upana wa mita mbili.

Shangazi aliinama, akang'oa gugu moja kwenye mboga zake. Hakukataa wala hakukubali. Soli akapanda ngazi. Alihisi aibu ya mtu aliyepona kwa kuumia mwingine, na aibu hiyo hakuitaka.

— Ule ukuta wa mabati, akasema akionyesha upande wa kushoto wa ua, ni mgongo wa kibanda changu. Nyuma ya mashine nina nafasi ya hatua moja, nimejaza viatu ambavyo wenyewe hawajavifuata. Njia ichukue hatua yangu moja, na kwake ichukue tuta moja.

— Mawili, Shangazi alisema. La pembeni halioti vizuri hata hivyo.

— Basi mawili.

— Siwezi kuamua peke yangu, afisa alisema. Yaandikwe kama maoni, mtie saini, niyafikishe kabla ya Ijumaa. Na mniambie kitu kimoja. Hizo mita mbili zinatosha?

Hapo napo hakuna aliyejua.

— Tujaribu, Shangazi alisema. Breki, toka mlangoni. Mwalimu, wewe toka mtoni. Mimi nina karai.

Afisa akalaza utepe wake wa kupimia chini, mita mbili. Breki akaja kwa mwendo wa mtu aliye juu ya baiskeli, mikono mbele. Kamusi akaja na mikono nyuma, mwendo wa burudani. Shangazi akapita katikati na karai kichwani. Walipokutana Kamusi aliyumba, mguu wake ukazama kwenye tuta la tatu hadi kifundoni.

— Hazitoshi, alisema, akiwa bado amesimama kwenye mboga.

— Ongeza nusu hatua, Soli alimwambia afisa. Upande wangu.

Kamusi akaandika maoni pale pale akiwa amekalia ngazi, akafuta neno mara mbili, akayasoma kwa sauti, wakatia saini wote wanne. Soli akaenda kibandani kumaliza kiatu, akakipiga piga, akakileta na kumvalisha afisa mwenyewe. Kisha akarudi kibandani, nyuma ya mashine, akahamisha viatu vya watu, na mara sauti ya nyundo ikasikika uani.

— Baba, afisa aliita kutoka upande wa pili wa bati, bado haijapitishwa.

— Najua, Soli alijibu. Nang'oa misumari yenye kutu tu. Hii hata bila mradi ingetoka.