Kumbikumbi wa Kitabu cha Tatu

Mwaka 1974, ndani ya basi la Arua kwenda Koboko, Mwalimu Driciru alikuwa akisahihisha madaftari, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Huko karani mmoja, Okuonzi, alimsifu mwandishi Dramadri. Kitabu chake cha kwanza kilihusu mzimu wa darajani, cha pili maiti isiyo na jina. Cha tatu, kilichompa umaarufu, kilihusu mwanamke wa kijiji cha Lurujo aliyemuua mumewe kwa kumbikumbi wa kukaanga waliotiwa sumu.

“Hiyo kitabu iko tamu, mama! Mimi nasoma mara tatu.”

“Tamu kwako,” akajibu jirani yake, Kulusum, mchuuzi wa Lurujo. “Mimi iko na kichuguu nne za baba yangu. Kumbikumbi ndiyo inasomesha watoto. Tangu hiyo kitabu toka, Arua hapana mutu nanunua. Wanauliza tu, ‘Mama, bwana yako iko mzima?’”

Driciru akauma midomo asicheke.

“Lakini iko hadithi tu. Mutu ya akili hapana ogopa hadithi,” akasema Okuonzi.

Kulusum akafunua kikapu chake cha kumbikumbi wa kukaanga, akachota konzi moja, akammiminia kiganjani. “Basi kula, mutu ya akili.”

Okuonzi akasema ameshiba. Kisha akasema tumbo linamuuma. Driciru aliona tumbo hilo limeugua upesi mno. Kulusum mwenyewe alikuwa akitafuna taratibu, macho yake usoni pa karani.

Basi liliposimama Koboko, Okuonzi alishuka amefumba kiganja. Kulusum akashuka nyuma yake, aone atawatupa wapi wale kumbikumbi.