Masaa Manne ya Dawa

Gazeti langu lilibaki limekunjwa kutoka Kitengela hadi Kajiado. Ilikuwa 2004, na kiti cha mbele cha basi mwanamke aliyejiita Mwelu, mkata waridi wa shamba la maua, alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake, Mwalimu Ondiek, barua ya kufutwa kazi kwa kugoma. Mwelu alikuwa anaenda ofisi ya leba, ya serikali inayoamua kesi za wafanyakazi, kujitetea.

“Mgomo ni kuacha kazi,” mwalimu akasema. “Mliacha?” Mwalimu wa Kenya hukosa chaki, la kusema kuhusu mgomo hakosi.

“Hatukuacha. Notisi ya mlangoni inasema wakipiga maua dawa ya wadudu tungoje masaa manne kabla ya kuingia. Siku zote tulikuwa tunangoja nusu saa. Wiki hiyo tukangoja yote manne, maua yakachanua kabla hatujakata, hayauziki tena.”

“Kwa nini wiki hiyo?”

“Walikuwa wamekataa kutuongezea mshahara.”

“Basi mlipatana, mama. Huo ni mgomo.”

“Tulipatana kutii notisi yao!”

Mwalimu akatazama saa yake. “Dereva, mbona tunatambaa? Kanyaga!”

“Ni spidi gavana, mzee, inazuia mwendo. Kilomita themanini kwa saa tu. Ni sheria.”

Mwelu akamgeukia mwalimu polepole. “Na huyu dereva, mwalimu, amegoma?”

Basi lilisimama Kajiado. Mwelu akakunja barua yake, akashuka kwenda ofisi ya leba kuwauliza hilo wanaolipwa kujua.