Mzee Koki na Kiti Kinachogeukia Nje

Wasikilizaji wapendwa, leo naomba mnivumilie. Karatasi hizi nimeziandika mara tatu, na mara tatu nimezichana. Tunamkumbuka fundi bomba. Alifariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, uani kwake, akiwa na miaka sitini na saba. Tulimwita Mzee Koki, kwa sababu hakuna bomba la mtaa huu ambalo hakuliwekea koki kwa mkono wake.

Kama hukumjua yeye, pikapu yake unaijua. Mlango mmoja mweupe, mlango mmoja wa buluu. Aliinunua kuukuu, akakaa nayo miaka ishirini na tisa. Nasema tena, miaka ishirini na tisa. Juu aliichomelea fremu ya kubebea mabomba. Ubavuni akaiwekea masanduku ya spana. Nyuma kabisa akafunga jiliwa la kubania mabomba, akawa anayakatia popote anapoegesha.

Mkewe ni fundi cherehani. Pikapu ile aliiita mke mwenza. "Mimi naomba chai, nangoja," alikuwa akisema. "Huyu akikohoa tu, mume amesharuka kitandani."

Watu walimuuliza Mzee Koki kwa nini hanunui gari la kisasa. Aliwajibu hivi: "Hili nikifungua boneti naona kila kitu, na kila ninachokiona nakijua. Hayo mapya unakuta mfuniko juu ya mfuniko, kama wanaficha maiti." Halafu anacheka, anarudi chini ya gari. Lilikuwa gari la mtu anayetaka kuelewa chake.

Miaka sita iliyopita, mkewe alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala. Mkono wa kulia, mguu wa kulia. Akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Daktari aliagiza mazoezi ya viungo kila wiki hospitalini, bila kukosa.

Walikodi magari. Madereva wengine walimtazama na kuondoka. Wengine walimbeba kama gunia. Siku moja, mbele ya lango la hospitali, wakati watu wanaingia na kutoka, walimwangusha. Gauni lilipanda mpaka kiunoni. Aliporudi nyumbani alisema maneno mawili tu: "Sitoki tena." Na hakutoka. Miezi minne hakuvuka kizingiti cha chumba.

Mzee Koki hakubishana naye. Alikwenda uani, akaikata pikapu.

Mlango wa abiria aliubadilishia bawaba ili ufunguke mpaka mwisho. Kiti cha abiria alikiweka juu ya sahani ya chuma yenye beringi, kikawa kinageuka na kutazama nje. Nyuma akafunga winchi ndogo ya umeme ya kupandisha na kushusha kiti cha magurudumu. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo winchi ilifanya kazi injini ikiwa inawaka. Kumbukeni hilo, wasikilizaji. Kazi nzima ilimchukua wiki saba. Alipomaliza, alikaa mwenyewe kwenye kile kiti, akajizungusha mara nyingi, majirani wakidhani amechanganyikiwa.

Mkewe anaikumbuka safari ya kwanza. "Nilimuuliza, tunakwenda hospitali? Akaniambia, hapana, tunakwenda kununua uzi. Nikajifunika uso na khanga, nikalia mpaka dukani."

Kwa zaidi ya miaka mitatu walikwenda hospitali kila wiki. Mguu ule uliolala ukaanza kusogea kidole kimoja, kisha kifundo. Kisha, miaka miwili iliyopita, giaboksi ilikufa.

Binti yao, mwalimu wa hesabu, alimwambia, "Baba, lipeleke kwenye chuma chakavu. Tutatafuta jingine."

"Jingine mama yako ataingiaje?"

"Tutambeba."

"Hakuna mtu atakayembeba tena," baba akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alitafuta giaboksi ya aina ile kila mahali. Kila alikokwenda, walimwambia za zamani hizo zilishayeyushwa. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ninaingia mimi. Alipiga simu kwenye kipindi changu cha asubuhi. Akasema anatafuta giaboksi ya pikapu kuukuu, na labda kuna msikilizaji anayo. Mimi nikamwambia, "Mzee, hiyo ipeleke makumbusho, watakupa na cheti." Nikacheka. Mafundi mitambo wa studio wakacheka. Alisema, "Sawa, bwana," nami nikaweka muziki. Sikumuuliza ni ya nini. Sekunde tano tu zingetosha, na sikumuuliza.

Miezi ikapita. Mama alirudi kwenye ukimya wa chumba. Mguu ukakaza. Akapata kidonda cha nyonga kwa sababu ya kulala upande mmoja. Mzee Koki alimwosha asubuhi, akamgeuza mchana, na muda uliobaki alikuwa chini ya gari. Kifua kilikuwa kinambana. Hakumwambia mtu. Dawa zimekutwa juzi ndani ya sanduku la spana.

Aliamua kufunga giaboksi ya gari la aina nyingine. Haikuingia. Akaenda kwa mchonga vyuma, wakatengeneza sahani ya kuunganishia. Shafti ikawa ndefu. Wakaikata, wakaichomelea. Siku ya majaribio ikavunjika kabla ya kufika kona.

Mchonga vyuma ndiye anayesimulia: "Nilimkuta amekaa chini, kwenye mafuta, shafti ameilaza mapajani kama mtoto. Akaniambia, mwanangu, watu wa mji huu wote nimewafikishia maji. Mke wangu nimeshindwa kumfikisha hospitali. Nikakaa naye."

Waliikata tena, wakaichomelea tena. Safari hii ilishika. Gia zilikuwa zimehama mahali pake, ya kwanza ikiwa mahali pa ya tatu, na kelele yake ilisikika mtaa wa pili. Lakini ilitembea. Alimpeleka mkewe hospitali siku ileile. Daktari aliutazama mguu, akawaambia wamechelewa. Hautarudi. Kilichobaki ni kutunza kidonda tu.

Mzee Koki aliendelea kumpeleka. Kila wiki, mwaka mzima.

Jumanne iliyopita walirudi saa tisa kasoro. Aliingiza gari uani. Akafungua mlango, akageuza kiti, mkewe akatazama nje. Injini ilikuwa inawaka, maana alikuwa anakwenda kushusha kiti cha magurudumu kwa winchi.

Namnukuu mama, kwa ruhusa yake. "Nilimwona anashika kifua. Akasema, ngoja kidogo, mama. Akakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka. Halafu akalala ubavu. Nikapiga kelele. Injini ikanimeza sauti. Honi ilikuwa nyuma yangu, siifikii. Nikafungua mkanda, nikajitupa."

Alijitupa chini, wasikilizaji. Akavunjika mkono wa kushoto. Mkono mzima uliokuwa umebaki. Akajisukuma kwa mguu wa kushoto mpaka alipo mumewe, akaweka sikio kifuani. "Nilisikia anapumua. Kisha nikawa nasikia injini tu. Sijui ni dakika gani aliondoka. Hilo ndilo linaloniua."

Jirani yao, mfua nguo, alitambua kuna jambo kwa sababu Mzee Koki hakuwa mtu wa kuacha injini iwake bure. Alipofika, ilikuwa imepita nusu saa.

Tulimzika Alhamisi. Jana nilikwenda nyumbani kwao. Nilimwomba mama msamaha kwa ile simu. Aliniambia, "Aliisikia kejeli yako. Alirudi ndani akasema, redioni hawana." Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikumsukuma aseme.

Pikapu haipo uani. Binti yao na majirani waliisukuma kwa mikono mpaka kwa mchonga vyuma, injini ikiwa imezimwa, kwa sababu mama hawezi kuvumilia mlio wake. Binti anakwenda huko kila jioni akitoka shuleni, kujifunza zile gia zilizohama. Wiki ijayo kidonda lazima kisafishwe. Nilimuuliza kama mama atakubali kupanda. Akanijibu, "Amesema atakwenda. Hajasema kwa gari gani."

Mama, pole. Mwalimu, pole kwa baba yako. Mchonga vyuma, mfua nguo, na wote mliobeba jeneza lile, poleni. Hatuna cha kuwapa kinachotosha.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwako kuna mtu asiyeweza kutoka mwenyewe, usisubiri nimalize. Zima redio. Nenda chumbani kwake, ukae, umuulize anataka kwenda wapi.