Kwaya ya Ignasi

Spika aliyoipakata Ignasi ndani ya basi la Usevya ilikuwa ikiimba wimbo wa mazishi. Mwanahija, muuza vitenge, alikaa nyuma yake akisikiliza kana kwamba nauli yake imelipia na hilo.

“Kwaya gani hiyo, mwanangu?” akauliza mama aliyeketi na Ignasi.

“Ni mimi, mama. Nimejirekodi chumbani kwa simu, sauti moja moja, zote nne, nikaziunganisha. Tunamzika dada yangu leo. Alitengwa na kanisa kwa kupata mimba nje ya ndoa, kwa hiyo kwaya imekataa kumwimbia.”

“Ndio utaratibu. Hata kwetu aliyetengwa haimbiwi.”

“Kaimba nao miaka kumi na miwili!”

“Si angetubu?”

“Angetubu lini? Uzazi umemchukua, yeye na mtoto.”

Mwanahija, ambaye kwao maiti huzikwa bila kwaya, aliona leo faida yake.

Mama akasikiliza kidogo. “Hiyo sauti ya kwanza inapasuka.”

“Ndiyo aliyokuwa akiimba dada. Mimi siifikii. Wewe mama unaimba ya ngapi?”

“Ya kwanza,” akajibu, akageukia dirishani.

Basi likasimama. Ignasi akashuka na kwaya yake mkononi.