Pengo la Mwalimu

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Leo nimekaa bila nikabu kwa kuwa humu ndani ni sisi wanawake watupu. Nitazameni vizuri. Pengo hili ndilo lililonisimamisha mbele yenu, na mkinisikia napuliza badala ya kusema, nistahimilini.

Wengi mwanijua, nasomesha watoto Kurani hapa Malindi tangu sijaolewa. Sukari ilipopanda, fizi zikalegea, meno ya mbele ya juu yakawa yacheza. Pale kwenye kliniki ya mtaani, ile tuliyokuwa twaenda sote, wakayang'oa, wakanipima mdomo, wakaniambia nirudi kidonda kikipona nitengenezewe meno ya bandia. Niliporudi nikakuta kufuli. Mlinzi akanambia wafadhili wameondoka na madaktari wametawanyika. Kipimo cha mdomo wangu kimefungiwa humo humo mpaka leo.

Ndugu zangu, nawaambia, nilihangaika. Hospitali ya serikali walinipokea vizuri, lakini vifaa vya kutengeneza meno hawakuwa navyo, wao wang'oa tu. Daktari wa binafsi mjini akanitajia bei, nikamshukuru nikatoka. Nikamwendea fundi mmoja wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo, atengenezaye meno nyumbani kwake. Meno yake yakanichubua, na mwenye sukari akichubuka mwajua yanayomfika. Kidonda kile kilinilaza. Nilipoinuka nikasema basi, nitazikwa na pengo langu.

Hapo ndipo nilipovaa nikabu. Mlinipongeza, kumbukeni. Mlikuja nyumbani, mmoja wenu akaniletea udi, mkasema mashaallah, mwalimu amezidi kumcha Mungu. Kila mliponisifu niliona haya zaidi, nikanyamaza. Hata darasani, mbele ya watoto wadogo, sikuivua. Nilikuwa nimekata tamaa, na swala zangu zilikuwa ni kulia tu.

Sasa, herufi ya thaa na ya dhali hazitoki mpaka ncha ya ulimi iguse meno ya mbele ya juu. Asiyekuwa nayo hutoa upepo. Nililijua hilo, nikajidanganya kwamba watoto hawatalitambua. Siku moja nikawaambia wasome Alfatiha kwa pamoja. Walipofika penye dhali, darasa zima likapuliza. Nikamsimamisha binti mmoja, msomaji hodari kuliko wote, nikamwambia arekebishe. Akanitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, si ndivyo usomavyo wewe?"

Angejuaje? Mdomo wangu hakuuona. Nikavua nikabu pale pale, nikafungua kinywa, wakaja kuchungulia mmoja mmoja. Nikawaambia katika herufi hizo wasinifuate tena. Wengine walicheka. Mimi nililia mbele yao.

Jioni ile mama wa mmoja wao akanijia. Yumo humu, simtaji. Akaniambia kuna daktari wa meno kule Kilifi apokeaye wenye sukari na hukubali kulipwa kidogo kidogo. Akanipeleka mwenyewe, na akanipeleka tena. Daktari hakunificha kitu. Taya limepungua kwa kungoja, meno nitapata ila hayatashika kama ya kwanza, na huenda herufi zisirudi sawa. Nimepimwa upya, bado nangoja. Darasani siku hizi asoma binti yule, mimi nasikiliza.

Mama huyo namshukuru, Mungu amlipe, na wale watoto pia. Kwenu nina neno moja. Mwenzenu akibadilika ghafla, msimpongeze tu, muulizeni ana nini. Nami ningesema mapema, yasingefika hapa.

Maana kuna mwanafunzi wangu mmoja, wazazi wake walihamia visiwani kabla ya siku ile niliyovua nikabu darasani. Alihitimu juzuu kwangu, mkamtunza zawadi, mkampigia vigelegele. Nimewatafuta wazazi kwa simu, haipatikani. Huko aliko yule mtoto ana meno yake yote, na bado asoma kama mimi.